Nionyesheni Daftari Kwanza

Wiki tatu zilizopita walinijia vijana watano hapa Chake Chake. Wamevaa vizuri, katiba yao wameichapisha na kuitia plastiki, jina la chama limeandikwa kwa wino wa kijani. Walitaka niwasaidie kusajili ushirika wa kufuga kuku. Nikawauliza hisa zao wanaziweka wapi. Wakatazamana. "Hisa tutaanza kukusanya tukishapata mfadhili," akanijibu mkubwa wao, kwa adabu zote.

Niliwapa chai, nikawapa na kazi ya kwenda kuifanya nyumbani. Nitarudi kwao.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ni kupita kwenye vikundi na vyama vya ushirika, Pemba zaidi na Unguja kidogo, kusoma madaftari yao. Watu hudhani mkaguzi anatafuta mwizi. Mwizi nimemkuta mara chache. Ninachokikuta sana ni daftari lililokatika njiani: tarehe, majina, michango ya miezi minne, halafu kurasa nyeupe mpaka mwisho. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakaguzi wenzangu, hata kama hawakulipwa.

Kushirikiana hatukufundishwa na mradi. Mama zetu wamecheza upatu tangu hatujazaliwa, watu wamelimiana makonde kwa zamu, wamekula kikoa, na maiti haijawahi kukosa sanda kwa kuwa mwenyewe hana kitu. Lakini upatu una kasoro moja ambayo kila aliyecheza anaijua: unapokea siku ya zamu yako, si siku ya shida yako. Mtoto akiugua mwezi wa pili na zamu yako ni ya kumi, upatu haukujui. Na pesa yenyewe haikai mahali. Inapita mikononi, inamalizika, kesho mnaanza upya.

Vikundi vya kuweka na kukopa vilikuja kuziba pengo hilo. Mtindo huu wa sanduku ulianza mwaka 1991 huko Maradi, Niger, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE. Unguja ukashika katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, ambako watu wa hifadhi walitaka wanakijiji wawe na pesa nyingine badala ya kutegemea kukata kuni. Pemba nayo ikaupokea, na leo ukipita Wete au Micheweni siku ya mkutano wa kikundi utalijua sanduku kwa kufuli zake tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Kabla ya kufungwa, fedha zinahesabiwa kwa sauti na wanachama wanaambiwa waikariri baki. Wiki inayofuata mtu yeyote anaweza kuulizwa: "Tuliacha kiasi gani?" Bibi asiyejua kusoma anakutajia mpaka shilingi ya mwisho. Kumdanganya bibi huyo ni kazi ngumu kuliko kuidanganya kompyuta.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue kikundi cha mfano, watu 25, hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mtu anaruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa mkutano. Mwaka ukiisha, tuseme hisa zote zimefika 6,000, yaani milioni 12 za wanachama wenyewe. Sandukuni mkakuta milioni 13 na laki tano, kwa sababu fedha zilikuwa zikifanya kazi. Gawa kwa hisa 6,000, kila hisa sasa ni 2,250. Mwenye hisa 200 aliweka laki nne, anaondoka na laki nne na nusu. Vikundi vingi hupanga kuvunja sanduku na kugawana karibu na Ramadhani au skuli zinapofunguliwa, na hapo ndipo utakapojua kwa nini maduka ya nguo hayalali wiki ile.

Lakini hiyo milioni moja na nusu iliyozidi imetoka wapi? Hapa ndipo Zanzibar inapoachana na Niger, na ndipo nilipotokwa jasho zaidi katika kazi hii. Vitabu vya mafunzo vilivyokuja vilisema mkopaji alipe asilimia fulani kwa mwezi. Ukisimama barazani Pemba ukasema hivyo, kuna mzee atavaa makubadhi yake aondoke. Riba ni riba, hata wakopeshanao wakiwa ni mke na wifi yake. Vikundi vya mwanzo vilijaribu kubadilisha jina: vikaita ada, vikaita shukrani, kimoja nilichokikuta kiliita "tabasamu la mkopo". Jina zuri, lakini halikumdanganya mtu.

Walio makini wakaja na njia nyingine. Ya kwanza ni karadha, unakopa laki unarudisha laki, na hiyo hutolewa kwenye mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa, msiba au ada ya mtoto. Ya pili ni biashara hasa: mwanachama anataka cherehani, kikundi kinanunua cherehani, inakuwa mali ya kikundi, kisha kikundi kinamuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu siku ya kwanza, alipe kidogo kidogo. Akichelewa, bei haiongezeki. Faida ile ni ya muuzaji, na wauzaji ni wanachama wote.

Sharti lake ni lazima bidhaa iwepo na iwe imemilikiwa kwanza. Nakumbuka kikundi kimoja ambacho daftari lake lilinifurahisha mno: kila ukurasa mauzo ya cherehani, friji, magunia ya mchele. Nikawa nasifu. Mzee mmoja aliyekuwa kimya pembeni akauliza, "Mwalimu, hebu waulize, cherehani i wapi?" Kumbe walikuwa wakitoa pesa taslimu na kuandika cherehani. Cherehani moja ile ile ilikuwa imeuzwa kwa watu kumi na moja na hakuna aliyewahi kuiona. Tulicheka siku ile, lakini ilibidi waanze daftari jipya, na tangu hapo kila chama ninachokikagua nadai risiti ya duka kabla ya kitu kingine.

Msomaji wa bara ataniuliza: mbona vyama vyenu ni vidogo vidogo hivi? Kilimanjaro walikuwa na muungano wao wa vyama vya wakulima wa kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933. Sisi tulikuwa na zao la thamani kuliko kahawa. Jibu langu ni kwamba karafuu haijawahi kukaa mikononi mwa ushirika wa wakulima wenyewe. Kulikuwa na Chama cha Wakulima wa Karafuu, na sheria za mwaka 1934 zilikipa nguvu kubwa, lakini usukani ulikuwa kwa serikali ya kikoloni. Sababu iliyotolewa ilikuwa madeni ya wakulima kwa wafanyabiashara. Kilichofuata ni mvutano wa biashara uliofika mpaka India, ambako karafuu yetu ilisusiwa mwaka 1937 hadi mapatano ya mwaka uliofuata. Baada ya Mapinduzi ununuzi ukawa wa dola, na leo karafuu inauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Sisemi ni vibaya, bei inayojulikana ina raha yake. Nasema tu kwamba mkulima wa Pemba hakupata darasa la kuendesha chama kikubwa cha zao lake. Ushirika ulioota hapa umeota pembeni ya karafuu: kwenye mboga, mwani, ufundi wa nguo, na sanduku.

Hata hivyo sanduku limeigusa karafuu kwa njia ambayo nadhani haijasemwa vya kutosha. Mtu akibanwa kabla ya msimu, desturi ni kukodisha mikarafuu yake kwa pesa ya haraka, na mwenye pesa ndiye anayevuna. Mwenye hisa sandukuni halazimiki. Anachukua karadha, anawalipa wachumaji wake kwa pishi, anaanika jamvini kwake. Ukitaka kujua maana ya kujitegemea, mwangalie mtu huyo akigeuza karafuu zake mwenyewe juani.

Kwenye mwani hali ni ngumu zaidi. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Mnunuzi alileta kamba, mnunuzi akapanga bei, mnunuzi akaleta na mizani. Bahari imekuwa ya moto, na mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, unakufa. Vikundi vilivyojikwamua kidogo ni vile vilivyonunua mizani yao, au vilivyosaga mwani wakatengeneza sabuni. Mizani tu! Kupima mwenyewe kabla ya kupimiwa kumebadilisha mazungumzo ufukweni kuliko semina zote nilizowahi kuendesha.

Basi, wale vijana wa kuku. Kazi niliyowapa ilikuwa hii: wanunue daftari la shilingi elfu moja, wakutane kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, kila mmoja aweke anachoweza, hata mia tano, na waandike. Kwa Mrajis wa vyama vya ushirika, kusajili, tutakwenda baada ya miezi mitatu. Wawili hawajaonekana tena. Watatu walipita jana. Daftari limechafuka kwa mafuta ya taa, mwandiko unapanda na kushuka, na mkutano mmoja wameandika: "Hakuna aliyeleta." Wameweka sahihi zote tatu chini yake.