Je, wajua kwa nini mkonge ukishatoa mlingoti hufa?

Mche wa mkonge una kitovu kimoja tu cha kukua, kilichojificha katikati ya majani machanga yaliyofumbatana kama mkuki. Majani yake yote, 200 hadi 250 kwa maisha mazima, hutoka hapo. Kitovu hicho kikigeuka mlingoti wa maua, basi, hakuna jani jipya tena. Mlingoti hupanda mita 5 au 6 kwa miezi michache, ukila sukari na maji ambayo mmea umeyaweka akiba kwa miaka 7 hadi 10. Akiba ikiisha, mmea hunyauka.

Lakini hauondoki bila warithi. Aina ya kawaida haizai mbegu ila kwa nadra sana. Maua yakidondoka, palepale kwenye matawi huota vikonyo, vimiche vyenye majani tayari, na mlingoti mmoja waweza kubeba zaidi ya 1,000. Kila kimoja ni nakala ya mama yake. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida. Vilivyopona ni 62, vikapandwa Kikogwe, Pangani, na hivyo vichache vikatosha kuanzisha zao lililoijenga Tanga.

Ukitaka kuotesha, chukua vikonyo vinene vya urefu wa sentimita 6 hadi 10. Panga kitaluni kwa sentimita 50 kwa 25, palilia bila kuchoka, kwani magugu ndiyo hudumaza miche kuliko ukame. Baada ya miezi 12 hadi 18 miche huwa tayari. Maotea ya chini ya mmea mkubwa yanashawishi kwa kuwa ni ya bure, ila hayalingani umri, na shamba lake huvunwa ovyo ovyo.

Shambani, panda kabla mvua hazijakolea: mistari miwili iachane mita 1, kisha njia ya mita 4, na mche hadi mche sentimita 80. Hapo hekta inabeba miche kama 5,000. Usifukie kitovu, udongo ukiingia humo, mche huoza. Maji yakituama, pia huoza. Mkonge hula chokaa nyingi ardhini, hivyo shamba lililochoka, lenye tindikali, liongezewe chokaa.

Kata ya kwanza huja miaka 2 hadi 3 baadaye. Yakatwe majani ya chini, yabaki kama 25 mara ya kwanza, na kama 20 kata zinazofuata. Anayekwangua zaidi ya hapo hupata mzigo mkubwa leo na majani mafupi mwakani. Majani yafike korona, mashine ya kukwangulia majani, ndani ya siku moja au mbili, la sivyo utomvu hukauka na singa, yaani nyuzi zake, hazitoki safi.

Aina chotara ya 11648 huzaa majani mengi zaidi, ila penye unyevu hushikwa na ukungu: jani huota michirizi ya zambarau na kijani, kisha shina huoza. Kifukusi, mdudu mharibifu, naye hutaga mayai kwenye visiki vinavyooza, na wakubwa wake hutoboa miche michanga. Mmea uliokwisha kutoa mlingoti ung'olewe pamoja na kisiki chake kabla ya kupanda upya.