Kuonekana si kuwa huria

Wengi huamini msimbo wa programu ukishawekwa hadharani GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana misimbo, basi ni programu huria (open source), yaani ya kutumiwa na kubadilishwa na yeyote, jichotee. Sivyo. Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, haki hiyo huanza pale kazi inapoandikwa, bila kusajiliwa popote. Masharti ya GitHub yanakuruhusu kuutazama msimbo huo na kutengeneza nakala yako humo humo. Kuupachika kwenye programu ya duka lako ni jambo jingine.

Tafuta faili la LICENSE, lenye leseni ya msimbo. Ukikuta leseni huria kama MIT, Apache 2.0 au GPL, una ruhusa, kila moja na masharti yake. Hakuna faili? Muulize mwenye msimbo. Na leseni inayosema “isitumike kibiashara”, hata iwe na ukarimu gani, haifikii ufafanuzi wa programu huria wa Open Source Initiative, shirika lililoanzishwa 1998: ufafanuzi huo haukubali kubagua matumizi, biashara ikiwemo.