Eti "si wachukue tu ya NIDA"

Nimeisikia tena juzi kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, na aliyeisema ni mwalimu mstaafu ninayemheshimu: "Watu wana namba za NIDA za vitambulisho vya taifa, vidole vimeshachukuliwa, picha zipo. Foleni za BVR, za kuandikisha wapiga kura kwa mashine za vidole na picha, za nini tena? Wabonyeze tu, majina yahamie kwenye daftari la wapiga kura." Baraza zima likaitikia. Mimi nikamalizia kahawa yangu kimya, maana mzee hakatizwi kauli. Sasa acha niandike.

Lililo jepesi kwanza. NIDA haisajili raia peke yao. Wageni wakaazi na wakimbizi nao wamo. Kura ni ya raia aliyetimiza miaka 18, Katiba Ibara ya 5. Kuwachuja ni kazi ya kompyuta, sina ugomvi nayo. (Ingawa huku kwetu, ukisogea Horohoro, mpakani na Kenya, ambako Mdigo wa Mkinga na Mdigo wa Kwale wanazikana na kuozana, uraia haumalizwi kwa kutiki kisanduku. Hilo nawaachia Uhamiaji.)

Kinachonichosha ni suala la kituo, na hakuna anayeliuliza. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura humfunga kila mtu kwenye kituo kimoja, kata moja, jimbo moja, kwa sababu diwani wa Mzingani hachaguliwi na watu wa Pongwe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, na katika zote 20 hakuna hata moja inayosema leo umelala wapi. Binti alisajiliwa akiwa kwa shangazi yake Korogwe, akaja kupanga Makorora, kisha akaolewa Pangani. Namba ni ileile, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Daftari lakini linataka kujua yuko Pangani, tena Pangani kituo gani. Karatasi za kura, masanduku na wasimamizi vyote hugawiwa kwa kufuata idadi ya kila kituo. Ukinakili anwani za zamani, kituo kimoja kitabaki na mabunda ya karatasi, na kingine saa sita mchana watu wanaambiwa jina halionekani.

Waulize Afrika Kusini. Wana masijala ya watu ya siku nyingi na Tume yao ya Uchaguzi hulinganisha daftari nayo, lakini mpiga kura bado lazima ajiandikishe ili afungwe kwenye eneo lake. Hata hivyo, uchaguzi mdogo wa Tlokwe wa 2013 uliishia Mahakama ya Katiba, ukatenguliwa 2015, na anwani za wapiga kura zilikuwa kiini cha kesi. Nchi yenye masijala kamili kuliko yetu ilinaswa na anwani, halafu sisi tubonyeze tu.

Sasa vifo. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kinatafutwa na nani? Anayefuatilia mirathi, mafao, pesa za benki. Mvuvi wa Tongoni aliyeacha ngalawa na nyavu huzikwa siku hiyohiyo, hitma ikasomwa, vitu vikagawanywa nyumbani, na serikali haina habari. Kwa hiyo jina lake limo NIDA na limo kwenye daftari. Kuunganisha masijala mbili ambazo zote hazijui kwamba mtu kafa hakumfanyi ajulikane. Jina lake hutoka pale ndugu anapokwenda kituoni kutoa taarifa, au daftari la awali linapobandikwa na jirani akaliona. Mwenyekiti wa mtaa anajua zaidi ya sisi sote wenye kompyuta, lakini mwenyekiti naye ana chama. Hapo ndipo inaponoga.

Vitabu vinataka daftari lenye kila anayestahili na lisilo na asiyestahili. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Kazini ni mambo mawili yanayopigana. Ukisafisha kwa nguvu utawafuta na walio hai. Marehemu akibaki, anaharibu asilimia ya waliojitokeza na kuwapa watu wasiwasi. Aliye hai akifutwa, anarudi nyumbani bila kupiga kura. Mimi nikilazimishwa kuchagua, namwacha marehemu. Nawajua wenzangu wasiokubaliana nami, na siku nyingine nadhani wao ndio wako sahihi.

Vidole navyo vina yake. Mama anayepara samaki Sahare akiweka kidole kwenye kioo, mashine inakataa. Anafuta mkono kwa kanga, inakataa. Mkata mkonge wa Muheza hali ni hiyohiyo. Alama hafifu hupokelewa hivyo hivyo, kisha programu ya kutafuta waliojiandikisha mara mbili hutoa makisio, na binadamu ndiye anayeamua. Ukilinganisha kwa jina na tarehe peke yake, Hassan na Hussein, mapacha wa baba mmoja wenye majina yanayokaribiana, utamfuta mmoja. Na wazee wengi wanajua mwaka tu wa kuzaliwa. Tarehe waliandikiwa na karani.

Halafu muda. Tulitoka kwenye fomu za OMR za 2004, za karatasi zinazosomwa na mashine, tukaingia BVR Februari 2015, Makambako, huku kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ikiwa imepangwa Aprili 30 mwaka huohuo. Uandikishaji haukuwahi, kura ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Mfumo mpya unataka mafunzo, betri, printa za akiba na mawakala wa vyama wanaouelewa, na vyote hivyo vitangulie miezi mingi kabla ya kampeni.

Kuna faida? Ipo. Namba ya NIDA ikiwekwa kando ya kila jina itarahisisha kunasa majina yanayojirudia. Naunga mkono. Lakini foleni itabaki, kwa sababu lazima mtu aseme anakaa wapi.

Na wale wa "mimi niliandikwa Oktoba 2024": ile ilikuwa orodha ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, ya uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa kura ya Novemba 27. Daftari la Tume ya Uchaguzi ni jingine, na halikuchukua jina lako kutoka huko.