Mgonjwa Wako Anaweza Kukukatalia? Kuhusu Kibali cha Maadili kwa Muuguzi Anayesomea Uzamivu

Wanafunzi wa uzamivu wa uuguzi ninaowasimamia huanza na swali moja: kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati kabla ya kufanya utafiti kwa watu, kitachukua muda gani? Nami huwauliza: mgonjwa wako anaweza kukukatalia?

Kabla ya kurudi kwenye usimamizi nilikaa miaka kadhaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Maombi mengi ya wauguzi tuliyoyarudisha hayakuwa na tatizo la kitaalamu. Mbinu ilikuwa safi, sampuli imekokotolewa, hojaji imejaribiwa. Yaliangushwa na mstari kama huu: "Mtafiti atawaomba wagonjwa wa wodi yake washiriki." Wodi yake! Yaani aliyekufunga kidonda asubuhi, mwenye funguo za kabati la dawa za maumivu, jioni anakuletea karatasi usaini. Nani atathubutu kusema hapana?

Historia ya taaluma yetu ina doa hapa. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wapatao 600 walifuatiliwa katika utafiti wa serikali ya Marekani, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli kuhusu ugonjwa wao, na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida hawakupewa. Aliyewafuata majumbani na kuwapakia kwenye gari kuwapeleka kupimwa alikuwa muuguzi, Eunice Rivers. Walimwamini, na imani hiyo ndiyo iliyowafanya waendelee kuja. Ripoti ya Belmont ya 1979, iliyoweka misingi ya maadili ya utafiti kwa binadamu, ilitokana na kashfa hiyo.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, toleo la 2024, linamtaka mtafiti awe mwangalifu mno pale mshiriki anapomtegemea, na ridhaa iombwe na mtu mwingine mwenye sifa, asiyehusika na utegemezi huo. Basi liandike hilo kwenye andiko lako la utafiti: nani ataeleza utafiti, atamwona mgonjwa saa ngapi, mgonjwa atapewa muda gani wa kufikiri. Ukiweza kufanyia wodi nyingine, umejipunguzia nusu ya maswali. Mwanafunzi wangu mmoja alitumia bahasha. Kila mgonjwa alirudisha bahasha iliyofungwa, iwe fomu ndani imesainiwa au ni tupu, kwa hiyo hakuna muuguzi aliyejua nani amekataa. Kamati haikumuuliza hata swali moja kuhusu shinikizo.

Tukija kwenye fomu ya ridhaa, mwanafunzi mwingine aliandika: "Ushiriki ni wa hiari na mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote bila kuathiri stahiki zake." Nikamwambia amsomee mtu yeyote asiye wa fani yetu, kisha amwombe aeleze alichoelewa. Alirudi akicheka, na sentensi mpya: "Ukikataa, utatibiwa vilevile. Ukikubali leo, kesho ukaghairi, niambie tu, sitakuuliza sababu." Nilimrekebisha kitu kimoja. Ukishafuta majina na kuchanganya data, huwezi tena kutoa majibu ya mtu mmoja. "Wakati wowote" inakuwa ahadi ya uongo. Taja siku ya mwisho ya kujiondoa.

Swali ambalo wengi hawalitarajii ni hili: utafanya nini ukisikia jambo zito katikati ya usaili? Mama anakwambia amefikiria kujiua, au mgonjwa anasema mhudumu fulani humpiga. Umeahidi usiri, lakini hujavua uuguzi. Kamati inataka kuona mipaka ya usiri ikiwa imeandikwa kwenye fomu, mgonjwa aijue kabla hajafungua mdomo, na jina la huduma utakayompeleka siku hiyohiyo. "Mtafiti atampa ushauri nasaha" haitoshi. Nani, wapi, na kama yupo mwishoni mwa juma?

Mengine ni ya kawaida: orodha ya majina ikae mbali na majibu, faili ziwe na nywila, useme utazitunza miaka mingapi. Mafaili ya zamani ya wagonjwa nayo yanahitaji kibali, hata kama humgusi mtu.

Wala usianze kabla ya barua. Kibali hakirudi nyuma. Nimewahi kumwona mwanafunzi akitupa usaili mzuri sana wa watu watatu kwa sababu aliufanya "kujaribu tu" wiki mbili mapema. Nilisikitika naye, ila sikuwa na la kumsaidia.

Kamati ikirudisha andiko na hoja 14, usizijibu kwa aya moja ya shukrani. Chora jedwali: hoja yao, jibu lako, ukurasa ulipobadilisha. Usipokubaliana na hoja, sema na utoe sababu. Tulikuwa tukibadilishwa mawazo mara nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Na ukishapata kibali, ukiongeza swali hata moja kwenye mwongozo wa usaili, omba marekebisho kwanza.