Kazi za Mikono Haziibi Muda wa Kusoma

Wapo wazazi hapa Lamu wanaoamini kuwa mtoto anayesuka ukili (ule mkanda wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka) darasani anapotezewa muda wa kusoma. Sivyo. Kusuka ni kuhesabu: idadi ya miyaa, yaani majani ya kusukia, ikikosewa, ukili unakwenda upande. (Muulize bibi yako.) Mwanafunzi akiandika hatua zake, kisha mwenziwe azisome na kusuka kwa kuzifuata hizo tu, sentensi isiyoeleweka itaonekana papo hapo mkononi. Kusoma gani kunakozidi huko?

Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC), ulioanza rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataka hayo hayo. Malalamiko ninayoyakubali ni ya mzazi anayetumwa dukani usiku kununua karatasi ya manila kwa kazi ya shule ya mtoto, ilhali makumbi na vifuu vimejaa uani.