Mtaji wa mzunguko ni nini?

Mtaji wa mzunguko ni ile pesa inayonunua mzigo, inasubiri mzigo uuzwe, inarudi mkononi, kisha inanunua mzigo mwingine. Pesa uliyozamisha kwenye kodi ya fremu, makabati na mizani haimo humo, maana hiyo hairudi wiki ijayo wala mwezi ujao. Wengi wanaoanza biashara hapa Moshi huanza na hiyo ya kuzama: mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, fundi naye anadai chake, na chenji inayobaki ndiyo inayoitwa mtaji.

Tuchukue mitumba, kwa kuwa soko la Memorial karibu kila mtu hapa analijua. Tuseme belo la mashati umelipata kwa 400,000, usafiri na kubebesha 15,000, na ndani mna mashati 150. Siku ya kulifungua wateja wanagombania. Mashati 50 yanaondoka kwa 5,000 kila moja na jioni umeshika 250,000. Siku zinazofuata yanatoka 60 kwa 3,000. Yanabaki 40, yenye madoa na kola zilizochakaa. Hayo unayamwaga kwenye turubai na kuyaitia wateja kwa buku jero, yaani 1,500 kila moja.

Jumla ni 490,000, yaani faida ya 75,000 kabla hujatoa ushuru wa soko na chakula cha mchana. Sasa angalia faida hiyo imekaa wapi. Ile 415,000 uliyotoa inatimia ukishauza shati la 105. Faida yote imelala kwenye mashati 45 ya mwisho, mengi yao yale ya turubai. Kwa hiyo aliyetoa ada ya shule kwenye mauzo ya siku ya kwanza amekula mtaji, hata kama mkoba ulikuwa umejaa. Belo lijalo atalikopea, na riba itazitafuna 75,000 zake kabla hajazishika.

Mtaji huvujia pia kwenye daftari la madeni. Mtu akichukua mashati mawili na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, mauzo umeyapata lakini huwezi kuyapeleka kwa muuza belo. Mimi nisingemkatalia kila mtu, mtaani tunaishi kwa kuvumiliana, ila ningeweka kiwango: madeni yakifika hapa, daftari linafungwa mpaka mmoja alipe.

Kujua unahitaji kiasi gani, hesabu siku kuanzia unapolipia mzigo mpaka shati la mwisho linapotoka. Zikiwa siku 20, uwe na pesa ya kukulisha na kulipia meza siku zote hizo, pamoja na bei ya belo la pili endapo hutaki meza ikae na makombo. Muuza nyanya wa Mbuyuni ana mzunguko wa siku mbili tatu, kwa hiyo anaanza na kidogo. Muuza vifaa vya ujenzi misumari inaweza kumlalia miezi.

Na Moshi ina Desemba yake. Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi mji unafurika, na aliye mgeni kwenye biashara anakimbilia kikoba kukopa ili ajaze mzigo. Si vibaya, ila mzigo ule uwe umeingia mapema na umepungua sana kabla ya sikukuu kwisha. Januari wazazi wananunua sare na madaftari, na mkopo una tarehe zake.

Cha kufanya leo hii: tenga laini moja ya simu kwa pesa ya mzigo tu. Kila jioni weka humo mauzo yote mpaka bei ya belo itimie, ukitoa tu kiasi ulichojipangia cha chakula. Baada ya hapo ndipo nyumbani waanze kukuomba.