Juisi “haina kiuagugu”: tazama kwanza maabara ilitafuta nini

Ripoti ya maabara ikisema mabaki ya viuagugu hayakuonekana kwenye juisi, mimi huanza na ukurasa wa nyuma, kwenye orodha ya dawa zilizotafutwa. Mara nyingi majina ni mamia: atrazini ipo, simazini ipo, diuroni ipo, glaifoseti haipo. Hapo hakuna hila. Njia iliyotumika haiwezi kuikamata glaifoseti, hata kama juisi imejaa tele.

Njia yenyewe ni QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003 na Anastassiades, Lehotay na wenzao. Unapima gramu 10 za juisi kwenye tyubu ya mililita 50, unaongeza mililita 10 za asetonitrili, kiyeyusho cha kuzitoa dawa kwenye juisi, na kutikisa, kisha unatia gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu 1 ya sodiamu kloridi. Chumvi hizi huitenga asetonitrili na maji, ikaelea juu ikiwa imebeba dawa. Tikisa papo hapo chumvi inapoingia. Ukichelewa, magnesiamu salfeti hushikana mabonge magumu kama jiwe, na tyubu hupata joto hadi ulihisi kiganjani. Sasa, glaifoseti ni mpenda maji kupindukia. Haipandi na asetonitrili. Hubaki chini, nasi tunaimwaga pamoja na taka.

Hata kwa dawa zinazopanda, juisi ina vituko vyake. Ya limau na ndimu ina asidi nyingi kiasi cha kuizidi nguvu chumvi ya sitrati tunayoiongeza juu ya zile mbili ili kushikilia pH kati ya 5 na 5.5, kwa hiyo huongezwa mikrolita 600 za sodiamu haidroksidi ya 5 mol/L. Juisi nzito yenye sukari nyingi huweza kujitenga na asetonitrili kabla hata ya chumvi kuingia. Ukiona tabaka mbili mapema usishtuke, endelea. Nyama ya tunda nayo isiachwe chini ya chupa. Pindua chupa mara kadhaa na upime haraka, maana dawa nyingine hung'ang'ania nyuzinyuzi kuliko maji.

Kundi la pili linalopotea kimyakimya ni viuagugu vyenye asidi: 2,4-D, MCPA, haloxyfop, fluazifop. Hivi hupanda vizuri na asetonitrili, vikaja kuuawa kwenye usafishaji. Unga wa PSA, tunaotia miligramu 25 kwa kila mililita ili kunyonya asidi za matunda, hauchagui asidi ya tunda na asidi ya dawa. Unazinyonya zote. Kwa kundi hili mimi huchukua asetonitrili kabla haijaguswa na PSA, naichuja na kuiingiza moja kwa moja kwenye LC-MS/MS, mashine inayotenganisha dawa na kuzitambua kwa uzito wa molekuli, ikiwa imewekwa kusoma ioni hasi. Kwa juisi ya machungwa kipimo hiki si cha hiari, kwa sababu 2,4-D hutumika kwenye michungwa kuzuia matunda kudondoka na, baada ya kuvuna, kukilinda kikonyo kisikauke. Sehemu ya dawa hiyo inaweza kuwa imefungamana na sukari au imo kama esta, na sheria nyingi huzihesabu zote pamoja. Ndiyo maana juisi hupandishwa pH hadi karibu 12, ikaachwa nyuzijoto 40 kwa dakika 30, kisha ikarudishwa kwa asidi ya salfuriki kabla ya chumvi. Maabara inayoruka hatua hii itatoa namba ndogo iliyopendeza.

Turudi kwa glaifoseti. Njia yake ni QuPPe: gramu 10 za juisi, maji kidogo ili jumla ya maji ifike mililita 10 (juisi ya kawaida huhitaji kama mililita 1 tu), halafu mililita 10 za methanoli yenye asidi ya fomiki asilimia 1. Hakuna kutenganisha tabaka. Kila kitu kinakaa pamoja, pamoja na uchafu wote. Tikisa, gandisha kidogo ili nyama ya tunda ishuke, zungusha kwenye sentrifuji, chuja. Kabla ya yote hayo tia glaifoseti yenye isotopu nzito za kaboni na naitrojeni, kwa kiasi unachokijua. Chochote kitakachoipata glaifoseti ya juisi kitaipata na hiyo, na uwiano wa hizo mbili ndio unaokupa jibu. Bila hiyo, mimi singesaini.

Makosa ya hapa hujirudia. La kwanza ni vioo: glaifoseti hunata kwenye kuta za kioo, kwa hiyo tyubu, chupa za viwango (miyeyusho ya dawa ya kiasi kinachojulikana) na vichupa vya mashine viwe vya polipropilini. La pili ni metali. Glaifoseti huikumbatia kalsiamu na chuma, na juisi zilizoongezwa kalsiamu ni mtihani hasa. Hata mabomba ya chuma cha pua ndani ya mashine huivuta. Kilele, yaani alama ya dawa kwenye mchoro wa mashine, hutambaa na kuacha mkia mrefu, au hakitokei kabisa kwenye sindano za kwanza.

Wengine hutumia FMOC, kemikali inayoshikamana na glaifoseti na kuifanya ikae vizuri kwenye kolamu, mrija wa kutenganishia dawa ndani ya mashine. Inafanya kazi, lakini kwa juisi ina mtego: inahitaji pH ya 9, na asidi ya tunda huishusha bafa ya borati, inayoishikilia pH hiyo, usipoisawazisha asidi kwanza. Tena FMOC hushikamana na amino asidi yoyote. Juisi ya machungwa ina prolini nyingi, ambayo huila FMOC kabla glaifoseti haijapata zamu yake.

Viuagugu vya parakwati na daikwati vina chaji chanya wakati wote na huhitaji njia yao peke yao ya kutolewa kwenye juisi, kwa methanoli yenye asidi ya haidrokloriki na joto la nyuzi 80.

Kwenye mashine, kilele kimoja hakitoshi. Glaifoseti hutazamwa kwa mapito mawili, yaani ioni yake na kipande inachovunjikia, mathalani 168 kwenda 63 na 168 kwenda 150. Uwiano wake usitofautiane na wa kiwango kwa zaidi ya asilimia 30, na muda wa kutoka usipishane zaidi ya dakika 0.1. Kila kundi la sampuli liwe na juisi safi iliyotiwa dawa makusudi. Urejesho, yaani sehemu ya dawa hiyo tunayoipata tena, ukiwa nje ya asilimia 70 hadi 120, kundi zima hurudiwa.

Mwisho, juisi nzito, yaani iliyopunguzwa maji. Ya machungwa ikija na Brix (kipimo cha sukari iliyoyeyuka) 65, na ya kunywa ikiwa 11.2, uwiano ni kama 5.8. Maana yake 0.058 mg/kg kwenye pipa ni 0.01 tu kwenye glasi. Ripoti isiyotaja Brix haisomeki. Kama kiwanda kimeshaizimua, omba pia sampuli ya maji yake na uipime peke yake: atrazini hukaa muda mrefu kwenye maji ya ardhini, na unaweza kumlaumu mkulima kwa dawa iliyotoka kisimani.